Uzi: "Kumwaga mtama" ni nini hasa, na kwa nini si sawa na kufichua?

Mleta mada:

Mbukwenyi wakuu.

Naandika kutoka Dodoma, mkoa ambao mtama na uwele bado vinapikwa na kuliwa, havijabaki kwenye methali tu. Kuna jambo linanikera kwa muda mrefu. Mtumishi akitoa ushahidi wa wizi wa fedha za umma, vijiweni wanasema "kamwaga mtama". Binti akimsimulia shoga yake mambo ya ndani ya ndoa ya dada yake, "kamwaga mtama". Mshukiwa akiwataja wenzake kituoni, "kamwaga mtama". Matendo matatu, moja la ujasiri, moja la usaliti, moja la woga, na yote tumeyavika vazi moja. Mimi naona tunaudhulumu msemo huu, na zaidi tunamdhulumu yule wa kwanza. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Tuanze na methali yenyewe. Penye kuku wengi usimwage mtama. Wengine husema "hapamwagwi mtama", maana ni ileile.

Aliyewahi kuushika mtama anajua kwa nini ni mtama na si kitu kingine. Punje yake ni ndogo na ya mviringo, ikidondoka inabiringika na kupotelea vumbini. Mahindi yakimwagika unainama unaokota. Mtama unaufagia, unaupepeta kwa ungo kuutenga na mchanga, na mwisho unachokipata si kile ulichomwaga. Sasa weka kuku hapo. Mmoja unamfukuza. Wakiwa wengi, ukimswaga huyu yule kashameza, na ukigeuka kwa yule wamekuja watatu wengine. Hapa kwetu msimu ni mmoja tu. Mvua zinaanza Desemba na kwisha Aprili, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, na kabla mtama haujafika ghalani kwelea kwelea wameshachukua fungu lao. Kwa hiyo kilichomwagika ni chakula cha nyumba, hakuna mtu wa hapa anayekiona ni mchezo.

Lakini tazameni kitu ambacho watu wengi wanakipita mbio. Mtama katika methali ni wa nani? Ni wako wewe unayeambiwa "usimwage". Hakuna mwizi katika picha hii wala hakuna mtu aliyesalitiwa. Kuku nao hawana hatia, kuku hula punje, ndiyo kazi yake. Kosa lote ni la mwenye mtama, na kosa lenyewe si kusema uongo wala kusema ukweli, ni kutotazama waliopo kabla ya kufungua mdomo. Methali inahusu mahali na wasikilizaji. Ndiyo maana wazee huikatisha katikati. Mazungumzo yananoga, mtu asiyehusika anaingia, mzee anasema "penye kuku wengi..." na anaishia hapo, wenzake wanabadilisha habari. Sauti ya methali hii ni ya mtu anayekupenda, anayetaka ubaki na akiba yako.

Tumetoka huko, kwenye onyo la kutunza chako, tukafika kwenye "kamwaga mtama" ya leo ambayo mtama mara nyingi ni wa mtu mwingine. Mmwagaji amekuwa mbaya, na aliyemwagiwa amekuwa mnyonge wa kuonewa huruma hata kama alichokuwa anakificha ni wizi. Hapo ndipo ninapogombana na matumizi ya sasa.

Jambo moja kabla sijaruhusu michango. Msije mkadai msemo huu ni wa Wagogo kwa sababu mtama unaota Kongwa na Chamwino. Mtama ni zao la Afrika, umelimwa barani humu kwa maelfu ya miaka, na pwani nako uliliwa sana kabla ya mahindi, ambayo yalitoka Amerika na kufika huku baada ya mwaka 1500. Methali inayotaja mtama inaweza kuwa ya mtu yeyote mwenye kinu na kuku. Sisi wa kanda ya kati tuna faida moja tu, bado tunaiona picha yake kwa macho kila mwaka.

Mdau wa Singida:

Asante sana mleta uzi. Umetaja mtama wa Dodoma ukasahau kuku wa Singida, wale ambao kila basi likisimama abiria wanashuka kuwaulizia bei. Nyongeza yangu ni kwamba kuku wa kienyeji hakai bandani. Anaokota nyumba hii na ile, jioni anarudi kwao. Mtama uliomwaga kwako unatembea kijiji kizima ndani ya matumbo ya kuku wa majirani. Mimi hivyo ndivyo nilivyoelezwa na bibi yangu, kwamba "kuku wengi" si wingi tu, ni kuku wa kwa watu.

Mleta mada:

Mkuu wa Singida, umeongeza kitu ambacho nilikuwa sijakifikiria, na naona kinaipa methali nguvu zaidi. Kuku wako ukimlisha siri, bado iko nyumbani. Kuku wa jirani anaondoka nayo.

Niseme kidogo juu ya kitenzi "mwaga" chenyewe, maana kimezaa ukoo mkubwa. Mwanasiasa anamwaga sera. Mchezaji anamwaga wino akisajiliwa. Mlevi akitukana matusi ya nguoni amemwaga radhi. Aliyefiwa anamwaga machozi. Kote huko kuna chombo kilichojaa na kitu kinachotoka kwa wingi bila kupimwa, anayemwaga hahesabu. Ndiyo maana mtu aliyetamka sentensi moja kwa makini, mbele ya mtu mmoja aliyemchagua, siwezi kusema amemwaga chochote. Huyo amedokeza, au amenong'ona. Tofauti hiyo Kiswahili kinaijali, na sisi tunaifuta kwa uvivu.

Mdau wa Mpwapwa:

Mleta mada, na "kumwaga ubuyu" je? Vijana wa hapa mjini hawasemi tena mtama, kila kitu ni ubuyu. "Nipe ubuyu", "ubuyu umefika". Ni kitu kilekile au kuna tofauti?

Mleta mada:

Swali zuri, na limeulizwa na mtu wa mahali pake, maana Mpwapwa na barabara yote ya kuelekea Mtera ni nchi ya mibuyu.

Ubuyu kwa maana hii ni neno la mjini, la juzi juzi ukilinganisha na mtama, na ladha yake ni tofauti kabisa. Tunda la mbuyu lina gamba gumu, unalipasua kwa jiwe. Ndani kuna unga mweupe mkavu uliogandana na mbegu, mchachu kiasi cha kukukunja uso. Huku kwetu watu wanautia kwenye uji au wanakoroga juisi. Pwani na Zanzibar wanaupika na sukari, rangi na iliki, wengine na pilipili, unafungwa kwenye vifuko. Huo ndio ubuyu wa wasimuliaji. Hautafunwi, unamung'unywa taratibu, utamu na uchachu vinakuja pamoja, na ukimaliza mmoja mkono unaenda wenyewe kwenye kifuko. Umbea ndivyo ulivyo.

Tofauti yake na mtama ni kwamba mtama ukimwagika kuna mtu amepungukiwa chakula. Ubuyu haumpunguzii mtu mlo. Anayesema "kamwaga mtama" anafikiria hasara, anayesema "kamwaga ubuyu" anafikiria utamu wa kusikia, na aliyehasirika hayumo kwenye picha. Kwa sababu hiyo mimi sipendi neno ubuyu litumike kwa habari nzito. Binti aliyeumizwa na mumewe akajieleza, halafu mtu akaandika "ubuyu wa leo", hapo tumefanya maumivu ya mtu yawe kitu cha kumung'unya. Na kwa aliyejieleza mwenyewe lugha imeshatupa neno zuri, kufunguka. Funga, fungua, funguka. Amefunguka kama mlango uliokuwa umefungwa, kwa hiari yake, kwa siri iliyo yake. Magazeti ya burudani yamelichosha, lakini neno lenyewe halina kosa.

Mdau (mwalimu wa Kiswahili, Dodoma mjini):

Ninafuatilia kwa makini. Ningependa uguse "fichua" kwa upande wa sarufi, maana wanafunzi wangu wanaona ni neno la magazeti tu, hawaoni kwamba limejengwa.

Mleta mada:

Mwalimu, shikamoo, hapa ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Kiswahili kina kiambishi kinachogeuza tendo lirudi nyuma. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Fumba, fumbua. Tega, tegua, ndiyo maana kitendawili kinategwa na kuteguliwa. Fukia, fukua. Funika, funua. Na ficha, fichua. Wataalamu huziita kauli za kutendua, na ndugu zetu wa lugha nyingine za Kibantu wanazo vilevile. Mnyarwanda akificha anasema guhisha, akifichua anasema guhishura, na mzizi ni uleule wa kwetu. Wachewa wanasema kubisa kwa kuficha, Wazulu ukufihla. Ni neno la zamani sana, kabla hatujapokea "siri", "faragha" na "hadhara" kutoka Kiarabu.

Ona hili. Kitabu cha mwisho cha Biblia kwa Kinyarwanda kinaitwa Ibyahishuwe, yaani yaliyofichuliwa. Kwa Kiganda ni Okubikkulirwa, kutoka kubikka, kufunika. Kwa Kiswahili ni Ufunuo, kutoka funika na funua. Na jina lake la asili la Kigiriki, apokalypsis, maana yake ni kuondoa kifuniko. Watafsiri wa lugha hizi zote walipotaka neno la heshima kubwa la kuweka wazi kilichofichika, walichukua kauli ya kutendua. Hakuna aliyefikiria kumwaga.

Na sababu iko ndani ya kiambishi. Huwezi kufungua kisichofungwa, huwezi kuzibua kisichozibwa. Kwa hiyo huwezi kufichua kitu ambacho hakuna mtu aliyekificha. Neno "fichua" linamleta mfichaji mbele ya macho yetu kabla halijamtaja mfichuaji. Mfichuaji anarudisha tu mambo yalivyokuwa kabla ya mkono wa mtu kuyafunika. Hii ndiyo hoja yangu nzima katika uzi huu: ukisema "mwaga", lawama inamwendea aliyesema, ukisema "fichua", inamwendea aliyeficha.

Jaribuni wenyewe. Februari 2008 hapa Dodoma, Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe ilisoma ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sema "kamati ilifichua", sentensi inasimama. Sema "kamati ilimwaga mtama", sentensi inachechemea, kana kwamba kamati ilitakiwa kunyamaza.

Kuna mwana wa kauli hiyohiyo ambaye ni mkali zaidi, umbua. Umba ni kutengeneza sura, umbua ni kuiharibu. Kumuumbua mtu ni kumvua sura aliyojijengea mbele za watu. Ndiyo maana tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wengine husema kilio kitamfichua, na zote ni sahihi, lakini sikieni uzito. Kufichuliwa ni kujulikana ulichonacho. Kuumbuliwa ni kupoteza uso.

Halafu kuna anika, neno ambalo sisi wa huku tuna haki nalo. Nyumba ya tembe ya Wagogo ina paa bapa la udongo, na nafaka zilianikwa juu yake, kila apitaye akaona mwaka huu nyumba ile imevuna nini. Kumwanika mtu ni hivyo hivyo, kumtandaza juani mpaka majirani wahesabu punje. Sasa kinyume cha anika ni anua. Wingu likitanda watoto wanaambiwa kimbieni mkaanue mtama. Nguo zinaanuliwa, mlenda uliokaushwa unaanuliwa. Lakini hamjawahi kusikia siri ya mtu ikianuliwa. Lugha imetupa kitenzi kwa kila kilichoanikwa isipokuwa hicho kimoja.

Mdau (mtumishi wa umma):

Mleta mada umenigusa. Mimi nipo ofisini, na mtu akipeleka taarifa juu kuhusu malipo hewa, wenzake wanamwita mnoko, msaliti, mchongezi, vijana wanasema "snichi". Sijawahi kusikia jina moja zuri la mtu huyo. Je, lipo?

Mleta mada:

Mkuu, pole na hali hiyo. Swali lako ndilo lililonifanya nianze kuandika.

Kwanza tuyatenge. Mchongezi anampelekea mkubwa habari za mwenzake ili amharibie, habari iwe kweli au si kweli. Shabaha yake ni mtu. Mnoko anajipendekeza, shabaha yake ni yeye mwenyewe. Mpayukaji na mropokaji hawana shabaha. Aliyeona malipo hewa akapeleka taarifa shabaha yake ni fedha za watu wote, na hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomhusu. Tunamwita hivyo kwa sababu tunataka anyamaze.

Sheria yetu imemwita mtoa taarifa. Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Jina ni la heshima, ingawa ni la baridi, halionyeshi alichokipitia. Lakini nimependa jambo moja ndani ya sheria hiyo. Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema. Tazama ilivyokutana na methali ya kuku bila kuitaja. Hairuhusu umwage popote, inakuelekeza kwa mwenye kazi ya kupokea. TAKUKURU nao wana namba yao, 113, mtu anapiga simu akiwa peke yake, hakuna kuku hata mmoja.

Jina zuri unaloliuliza mimi naliona limejificha katika methali nyingine. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ndiyo inayoingia ndani ya mtungi kila siku, inajua maji yamefika wapi na chini kuna matope kiasi gani. Mtu wa nje anaona mtungi umependeza. Mtumishi wa ndani ndiye kata, na ukweli wa ofisi hauwezi kutoka kwa mwingine.

Na kwa wanaosema kwamba anayetoa taarifa anajitafutia raha, hapo wako karibu na ukweli kuliko wanavyodhani. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Siri ya wizi ni mzigo kwa asiyeiba. Anaibeba kazini, anailalia usiku, anaogopa ukaguzi utamkuta naye ana sahihi yake mahali. Akiitua, nafuu ni haki yake. Kwa hiyo hata "vujisha", neno tunalolitumia kwa mitihani na nyaraka kwa ubaya, lina upande huu ambao hatuusemi.

Mtaniuliza kuhusu "tumbua", kwa hiyo nijibu mapema. Kutumbua jipu kulikuwa kuleta wazi uozo uliofunikwa na ngozi. Novemba 20, 2015, Rais John Magufuli alipozindua Bunge hapa Dodoma alizungumzia kutumbua majipu, na neno likashika nchi nzima. Ndani ya miezi michache likahama maana. Leo "ametumbuliwa" ni kwamba amefutwa kazi, hata kama hakuna kilichowekwa wazi. Neno la kufunua likawa neno la kuondoa. Kwangu hiyo ni hasara, kwa sababu mtu anaweza kuondoka na jipu lake likiwa zima.

Mdau wa Kondoa:

Naomba kuongeza ile ya "ukimwaga mboga, nami namwaga ugali". Iko wapi katika mpangilio wako?

Mleta mada:

Mkuu wa Kondoa, hiyo ni ya watu wawili walioshirikiana kuficha. Mmoja ana mboga, mwingine ana ugali, na kila mmoja anajua siri ya mwenzake. Vitisho vyake vina hesabu kamili. Ugali bila mlenda haushuki, na mlenda bila ugali huwezi kulala nao. Kwa hiyo wanaendelea kutazamana kwa miaka, kila mmoja ameshika chungu chake. Wanaposema hivyo hadharani, sisi wengine tunajua kwamba kuna chakula kilichofichwa mahali, na mara nyingi ni chetu. Hapo "mwaga" iko mahali pake kabisa, maana anayetishia kumwaga alikuwa mlaji mwenza.

Sasa nina ombi kwenu. Mwenye Chigogo, Kirangi, Kinyaturu, Kinyiramba au Kisandawe aliyekulia nayo nyumbani, atuwekee hapa kitenzi cha kuficha na kinyume chake kama kipo, na sentensi moja ambayo mama yake angeitumia. Kisandawe si Kibantu, kwa hiyo kitatupa kipimo kizuri cha kulinganisha. Walioko vijijini waulizeni wazee kabla ya kuandika, na mtaje kijiji, tusichanganye lahaja.